Ute wa Tumbo na Vidonge vya Mgongo



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya mbolea ya urea. Mwezi huu Bwana Shamba ataingia kidogo katika shamba la mganga. Usishangae. Msimu wa palizi umefika, na migongo inauma. Katika nyumba nyingi nilizopita wiki hizi nimeona jambo moja. Karibu na debe la mbegu pana karatasi ya vidonge vya maumivu. Mtu huamka, humeza vidonge 2 kwa chai ya rangi, kisha huchukua jembe. Jioni humeza vingine 2. Kesho ni hivyo hivyo.

Sisemi kuwa vidonge hivyo ni vibaya. Vina kazi yake. Lakini vinagusa kitu kimoja tumboni ambacho watu wengi hawakijui. Kitu hicho ni ute. Nilikaa na mganga wa zahanati yetu akanieleza habari zake. Kisha nilimsomea haya niliyoandika kabla ya kuyaleta kwako.

Tuanze na mbuzi.

Ukichinja mbuzi na kupasua matumbo yake, utaona vyumba 4. Chumba cha kwanza ni kikubwa, kimejaa majani. Cha 3 kina kurasa, ndiyo maana watu hukiita kitabu. Cha 4 ni tofauti na vyote. Ndani yake ni laini, kina mikunjo, na kinateleza kama mlenda. Ukipitisha kidole, utelezi unabaki kidoleni. Chumba hicho cha 4 ndicho kinachofanana na tumbo letu sisi watu. Sisi tuna chumba kimoja tu, nacho kinateleza vivyo hivyo.

Kwa nini kiteleze? Tumbo lina kazi ngumu. Kwa siku moja tumbo la mtu mzima hutoa maji ya kusagia chakula yapatayo lita 1 na nusu hadi 2. Katika maji hayo mna tindikali, yaani asidi. Jina lake ni asidi ya hidrokloriki. Mafundi huitumia asidi ya aina hiyo kuondoa kutu kwenye chuma, ingawa ya fundi ni kali zaidi. Tena mna kitu kingine kinachoitwa pepsini. Kazi ya pepsini ni kukata protini. Nyama, dagaa, maharage na maziwa vyote vina protini, navyo hukatwa vipande vidogo vidogo na pepsini.

Sasa fikiri. Tumbo lenyewe ni nyama. Supu ya matumbo ya mbuzi unakunywa, na tumbo lako linayasaga matumbo yale vizuri kabisa. Kama tumbo lako linaweza kusaga tumbo la mbuzi, mbona halijisagi lenyewe?

Ni kwa sababu ya ule ute.

GUNZI NA PUNJE

Sehemu kubwa ya ute ni maji. Ukiugawa mafungu 100, mafungu kama 95 ni maji matupu. Lakini maji peke yake hayawezi kujishika ukutani. Hutiririka. Kinachoyashika maji hayo ni protini moja iitwayo musini. Ni kidogo kwa wingi, lakini ndiyo nguzo ya ute wote.

Umbo la musini utalielewa upesi ukichukua hindi lililokomaa. Katikati pana gunzi. Kulizunguka gunzi pana punje, zimebanana, hakuna nafasi. Musini iko hivyo hivyo. Gunzi lake ni protini. Punje zake ni sukari. Si sukari ya chai, bali ni jamaa zake, zilizoungana mnyororo kwa mnyororo. Punje hizo ni nyingi hata uzito wake unalizidi gunzi lenyewe.

Kumbuka kuwa pepsini hukata protini, haikati sukari. Ni kama mchwa aliyetumwa kula gunzi. Anafika, anakuta punje zimelifunika pande zote. Hana pa kuingilia.

Ila ncha za gunzi hazina punje. Hapo kwenye ncha ndipo gunzi moja linapofungwa na jingine, na jingine, mpaka unapatikana wavu mkubwa. Vifundo vya wavu huo ni vya salfa. Ndiyo, salfa, kama ile wanayopuliza wakulima wa korosho kwenye mikorosho yao. Pepsini huweza kuzifikia ncha hizo, ikakata kidogo kidogo. Kwa hiyo ute wa juu huliwa kila siku, na tumbo hutengeneza mwingine kutoka chini. Ni kama ukuta wa udongo unaonyeshewa mvua. Mwenye nyumba akiukandika kila mara, unasimama. Akiacha kuukandika, mvua itaingia ndani.

(Kohozi la kifua nalo lina musini. Baadhi ya dawa za kulainisha kohozi hufanya kazi kwa kukata vile vifundo vya salfa. Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo asinywe dawa za kohozi kabla ya kumwambia mganga kuwa ana vidonda.)

Unene wa ute huo haufikii hata milimita 1.  Lakini hauko peke yake. Chini ya ute, ukuta wa tumbo hutoa bikaboneti. Hii ni ndugu ya magadi unayotia kwenye maharage au kwenye mlenda. Unajua ukitia magadi kwenye maji ya ndimu yanatoa povu na ukali wa ndimu unapungua. Ndivyo bikaboneti inavyofanya. Asidi ikipenya kidogo ndani ya ute, inakutana na bikaboneti na kuisha ukali. Hivyo juu ya ute ni kukali sana, na chini ya ute, palipo na nyama, hakuna ukali. Bila ute bikaboneti ingechukuliwa na maji, isingekaa mahali pake.

Wafugaji wa nguruwe wana ushahidi wao. Tumbo la nguruwe, pale juu karibu na koo la chakula, lina sehemu ndogo isiyotoa ute. Na hapo hasa ndipo nguruwe wanapopata vidonda. Hali inakuwa mbaya zaidi wakilishwa chakula kilichosagwa laini mno. Nguruwe wa namna hiyo hupauka, kinyesi chake huwa cheusi, na pengine huanguka akafa ghafula. Unaofuga nao, usisage chakula chao kama unga wa ugali.

TARISHI ALIYEKAMATWA

Sasa turudi kwenye vidonge vya mgongo. Majina ya kawaida ni aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indomethasini na piroksikamu. Ni ndugu wa ukoo mmoja.

Tangu mwaka 1938 madaktari wa London walikwisha kuchungulia kwa mrija matumbo ya watu waliomeza aspirini. Waliona ukuta wa tumbo umekuwa mwekundu. Lakini sababu kamili haikujulikana. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alieleza jinsi aspirini inavyofanya kazi mwilini. Kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na wataalamu 2 wa Sweden.

Maelezo yake ni haya. Mwili wetu una tarishi. Jina lake ni prostaglandini. Ukiumia mgongo, tarishi huyu huzidisha maumivu na uvimbe mahali ulipoumia. Lakini tarishi huyu huyu ana kazi nyingine tumboni. Huko hupeleka amri: leteni ute, leteni bikaboneti, leteni damu ya kutosha kwenye ukuta. Tumbo hutii, na ukuta unakandikwa.

Kidonge cha mgongo huzuia mwili kutengeneza tarishi. Maumivu yanapungua, ndiyo. Lakini kidonge hakichagui. Tarishi wa mgongoni anazuiwa na tarishi wa tumboni naye anazuiwa. Amri haifiki. Ute unapungua, bikaboneti inapungua, damu inapungua. Asidi nayo haijapungua. Iko pale pale.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu wengi huyachukua kinyume.

La kwanza ni chakula. Tunaambiwa tusimeze dawa hizi na njaa, na ni kweli. Aspirini ikigusa ukuta mtupu huchoma. Chakula hupunguza kuchoma huko. Lakini usidhani kuwa ukishiba ugali basi umekingwa. Dawa ikishaingia katika damu, inamzuia tarishi hata kama tumbo limejaa.

La pili ni sindano. Nimesikia watu wakisema, "Mimi tumbo langu baya, nichome sindano ya diklofenaki, haitapita tumboni." Sindano haipiti mdomoni, lakini inapita katika damu, na damu inafika tumboni. Tarishi anazuiwa vile vile. Sindano haikwepi vidonda vya tumbo.

Tena kuna ubaya mwingine, na huu ndio unaonitia hofu zaidi. Vidonge hivi ni vya kuondoa maumivu. Kidonda kikianza, pengine hutasikia chochote. Mwingine dalili yake ya kwanza ni damu.

Kijijini kwetu yuko mzee mmoja, mkulima hodari wa pamba. Msimu mmoja alimeza vidonge vya diklofenaki kila siku, tangu kupanda mpaka palizi ya pili. Siku nyingine aliongeza na aspirini, kwa sababu mgongo haukutulia. Tumbo halikumuuma hata kidogo. Siku moja aliona choo chake cheusi, kinanata kama lami, kina harufu mbaya sana. Akasema ni mchicha. Siku ya 3 alisimama kutoka kitandani, akaona giza, akaanguka. Mkewe hakungoja mtu. Aliita vijana wakampakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, wakapata gari la kwenda hospitali. Huko aliongezwa damu. Yu hai mpaka leo, analima nusu ya alichokuwa analima. Mkewe huyo hakuwa amesikia neno musini wala prostaglandini. Aliona mtu wake amepauka, akaondoka naye.

Kwa hiyo kumbuka rangi hiyo: cheusi, kinang'aa, kinanata kama lami. Hiyo ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni. Mtu anaweza pia kutapika damu, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa. Asingoje asubuhi. Aende hospitali wakati huo huo. Akina mama waliopewa vidonge vya kuongeza damu huona choo cheusi pia, lakini hicho hakinati kama lami wala hakina harufu ile. Akiwa na shaka, mama amwonyeshe mganga.

KIJIDUDU NA UREA

Sasa ile urea ya mwezi uliopita. Unakumbuka nilikuambia usiiache juu ya udongo, uifukie. Ukiiacha juu, baada ya siku chache unasikia harufu kali inayochoma pua. Hiyo ni amonia. Vijidudu vya udongoni vimeivunja urea kwa kitu kiitwacho ureasi, na mbolea yako inapaa hewani.

Jambo hilo hilo hutokea tumboni. Yupo kijidudu aitwaye Helikobakta pilori. Amejipinda kama kizibuo cha chupa, na ana mikia ya kuogelea. Zamani madaktari waliamini hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi ile. Huko Perth, Australia, madaktari 2, Robin Warren na Barry Marshall, waliona vingine. Watu hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yaliyojaa vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alianza kutapika, na alipochunguzwa kwa mrija ukuta wa tumbo lake ulikuwa umewaka. Mwaka 2005 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel. Mimi nisingekushauri ufanye hivyo ili kushinda ubishi.

Kijidudu hiki anaishije? Ana ureasi nyingi. Tumboni mna urea kidogo, inatoka mwilini mwetu wenyewe. Kijidudu huivunja, anapata amonia. Amonia hupunguza ukali wa asidi pale alipo. Na hapo ndipo ujanja wake mwingine unapoonekana. Ute wa tumbo huwa mzito mahali penye asidi kali. Ukali ukipungua, ule wavu wa magunzi unalegea, ute unakuwa mwepesi kama uji usioiva. Kijidudu anaogelea ndani yake mpaka ukutani. Akifika huko anakaa miaka mingi, na anauchokoza ukuta polepole.

Watu wengi duniani wanaye kijidudu huyu na hawaugui. Lakini kwa wengine analeta vidonda. Mara nyingi huingia utotoni, kutoka mtu hadi mtu, kwa njia ya mdomo, matapishi au choo. Choo kizuri, maji safi na kunawa mikono kwa sabuni vinasaidia. Akiwepo na akiwa ameleta vidonda, dawa ipo. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria za aina 2 au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, kwa siku kama 14. Zimalizwe zote. Ukiacha siku ya 5 kwa kuwa umepata nafuu, vijidudu vilivyobaki vitarudi, na safari hiyo huenda visiisikie dawa.

Mtu mwenye kijidudu hiki, kisha anameza vidonge vya mgongo kila siku, ana hatari kubwa kuliko mwenye kimoja tu. Adui mmoja analegeza ute, mwingine anazuia usitengenezwe.

Pombe kali nayo huharibu ukuta wa tumbo, na gongo hakuna anayejua ukali wake. Kuinywa na kumeza aspirini kwa ajili ya kichwa cha asubuhi ni kumpiga mtu aliyeanguka. Tumbaku huchelewesha kidonda kupona. Pilipili imesingiziwa. Inaweza kumchoma mwenye kidonda, lakini haileti kidonda.

BASI MGONGO TUUFANYEJE?

Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli haichokozi tumbo kama hawa wa ukoo wa aspirini. Lakini nayo ina mpaka. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, kwa maana ikizidi inaua ini. Mnywaji wa pombe nyingi aulize kwanza.

Ikiwa mganga amekupa diklofenaki au ibuprofeni, meza kiasi alichosema, kwa siku alizosema, pamoja na chakula. Usichanganye 2 za ukoo mmoja. Mwambie mganga kama umewahi kuwa na vidonda, kama umri wako umepita miaka 60, au kama una mimba. Anaweza kukupa dawa nyingine, au akakuongezea ya kulinda tumbo. Mtoto asipewe aspirini bila amri ya mganga. Na wewe uliyepewa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu umesoma haya. Hiyo ina sababu yake. Nenda kamwulize aliyekupa.

Mimi kama Bwana Shamba naongeza langu. Majembe yetu mengi yana mpini mfupi, na mtu huinama tangu alfajiri mpaka saa 5. Chonga mpini mrefu zaidi. Panda kwa mistari ili palizi ya kukokotwa na ng'ombe iweze kupita. Ekari moja ukiipalilia kwa ng'ombe, mgongo wako hautadai kidonge.

Wanaosoma gazeti hili kwa kikundi, wiki hii kila mmoja alete karatasi au boksi la dawa ya maumivu iliyoko nyumbani kwake. Jina la dawa limeandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi chini ya lile jina kubwa la kiwandani. Lisomeni kwa sauti, herufi kwa herufi. Limeandikwa kwa Kiingereza, lakini mtalitambua. Mkikuta boksi 2 zenye majina makubwa tofauti, na chini yake zote zimeandikwa diklofenaki, basi mmekuta dawa moja iliyonunuliwa mara mbili.

Mwezi ujao: dumuzi katika ghala la mahindi.